Boksi la sampo za urembo la elfu 25 kwa mwezi: kisa cha wifi yangu hapa Moshi

Nimeulizwa sana na wadada wa hapa Moshi, na wengine wa Arusha, kama haya maboksi ya sampo za urembo, yaani vipodozi vya kiasi kidogo vya kujaribu, ya kulipia kila mwezi yana faida au ni kula hela tu. Nikijibu kwa kifupi naona nawapunja, kwahiyo leo naeleza kisa kimoja toka mwanzo mpaka mwisho. Ni cha wifi yangu, ameniruhusu mwenyewe, na mwenye biashara simtaji. Msimamo wangu nauweka mapema: wazo la boksi ni zuri na nalitetea mpaka leo, tatizo liko kwenye muda. Sampo nyingi zinaisha kabla ngozi haijatoa jibu, na kuna watu wanalijua hilo vizuri sana na wamelijengea biashara.

Wifi anauza steshenari mjini upande wa Mbuyuni, anakaa Pasua. Ngozi yake ya mafuta, chunusi zinamtoka kidevuni akikaribia siku zake, zikipona zinaacha madoa meusi. Anayeishi Moshi anajua joto la Januari na Februari likoje, saa nne asubuhi uso umeshaanza kung'aa na poda yote imeshaondoka. Kwenye kabati lake kulikuwa na vichupa vimejaa, kila kimoja kimetumika robo kikamkataa, kingine kilimchoma, kingine kilimfanya mweupe kama kapaka unga, na vyote kavinunua chupa nzima kwa hela yake ya mshahara. Sasa mtu kama huyo ukimwambia kuna boksi la vitu vitano vidogo vidogo ajaribu kabla ya kununua, atakataaje? Mi mwenyewe ningejiunga.

Makubaliano yalikuwa hivi. 25,000 kila mwezi, unalipa kwa simu kabla ya tarehe 5, mzigo unatoka Dar kwa basi, usafiri 5,000 juu yako, unaenda kuchukua stendi. Kwahiyo ni 30,000 kamili na si 25,000 kama stetasi ya muuzaji inavyosema, hilo watu wanalipita haraka ila kwa mwaka ni elfu 60 ya basi peke yake. Ndani ya boksi kuna karatasi ya pinki yenye majina ya vitu na chini imeandikwa kwa herufi kubwa THAMANI HALISI 75,000. Hiyo karatasi wifi alinitumia picha kwa furaha, na ndo nilipoanza kuhesabu.

Boksi la kwanza lilikuwa na sabuni ya uso ml 15, tyubu ndogo ya kiwandani kabisa, ina namba ya bechi, yaani ya toleo lake, na tarehe. Dukani hapa Moshi chupa ya ml 150 ya sabuni hiyo hiyo ni 30,000, kwahiyo ile ndogo ina thamani ya 3,000. Seramu ya vitamini C ml 2, chupa nzima ya ml 30 wanauza 45,000, hapo ni 3,000 nyingine. Sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, ml 5 ambayo chupa ya ml 50 ni 40,000, weka 4,000. Lipshaini moja nzima ambayo mjini unaipata kwa 5,000 bila kubembeleza. Jumla 15,000. Cha tano ni kikopo cha krimu ya usiku gramu 5. Sasa 75,000 ukitoa 15,000 unabaki na 60,000, na 60,000 ndo bei waliyokuwa wanauza kopo kubwa la gramu 50 la krimu hiyo hiyo. Yaani kwa vile vingine vinne walihesabu kilichomo, ila kwa krimu walihesabu kopo kubwa ambalo halimo kwenye boksi. Ukihesabu kwa haki hiyo krimu ni 6,000, boksi zima ni 21,000, na mtu kalipia 30,000.

Hasara ya elfu 9 mi siipigii kelele, mtu anaweza kuamua kulipia raha ya kufungua kitu kipya kila mwezi, ni hela yake. Kilichonishtua ni kwamba karibu thamani yote iliyotangazwa imebebwa na kitu kimoja, na hicho kitu kimoja ndo pekee hakina lebo. Nitakirudia.

Kwanza tuelewe hii biashara ilivyoanza, kwasababu wengi wetu tumechukua umbo lake tukaacha mfumo wake. Boksi lililoipa umaarufu ni Birchbox, walianza New York mwaka 2010, wadada wawili waliosoma pamoja Harvard Business School, Katia Beauchamp na Hayley Barna, bei ilikuwa dola 10 kwa mwezi. Mwaka uliofuata ikaja Ipsy ambayo Michelle Phan, yule dada wa video za vipodozi, alikuwa mmoja wa waanzilishi, nayo dola 10. Waliwezaje kuuza kwa bei hiyo? Kwasababu viwanda vya vipodozi vina bajeti ya kugawa sampo, kwahiyo vinawapa wenye boksi bure au kwa bei ya chini sana, vinajua mteja akipenda atarudi kununua chupa nzima. Faida kubwa inategemewa huko kwenye chupa nzima. Na sampo inatoka kiwandani ikiwa imefungwa, imeandikwa, ina bechi yake.

Sisi huku muuzaji mdogo hana kiwanda kinachompa sampo. Ananunua chupa kubwa kwa hela yake, anamimina kwenye vikopo, anabandika stika. Simlaumu kwa kukosa mtaji, ila ujue kilichobadilika hapo. Kwenye chupa nyingi kuna mchoro wa kikopo kilichofunguliwa umeandikwa 6M au 12M, maana yake ukishafungua una miezi sita au kumi na mbili. Ikishamiminwa kwenye kikopo kingine hiyo saa imeshaanza kuhesabu na wewe hujui ilianza lini, hujui mikono ya nani iliingia mle, hujui kijiko kilioshwa na nini. Ile seramu ya wifi ilikuja kwenye kichupa cha kioo cheupe, na ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Vitamini C inaharibika kwa mwanga, hewa na joto, ndo maana chupa zake halisi mara nyingi huwa nyeusi au za kahawia, sasa imemiminwa kwenye kioo cheupe alafu imepanda basi zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar juani. Pale hakuna kilichobaki cha kujaribu. Wifi aliipaka ikaisha, akasema seramu za vitamini C hazimfai. Kahukumu kitu ambacho hakukipata.

Sasa nije kwenye muda wenyewe. Kila kipodozi kina swali lake na kila swali lina muda wake wa kujibiwa. Lipshaini unajua siku hiyo hiyo, rangi imekukubali au imekukataa, inanata au hainati, kwisha. Manukato masaa sita saba yanatosha kuona kama yanakugeukia mwilini. Sabuni ya uso ml 15 inakupa wiki moja au zaidi kidogo, unajua kama inakukausha, kama inachoma macho, kama mafuta yanatoka vizuri jioni ukitoka kwenye vumbi. Hapo boksi lilimsaidia wifi kweli, ile sabuni imempenda na mpaka leo anaitumia. Shampuu ya kipakti ya ml 10 ni ya kuoshea mara moja, na kwa nywele asilia nzito haitoshi hata hiyo mara moja, kwahiyo pale unajua harufu yake tu.

Sanskrini ndo watu wanadanganyika zaidi. Kipimo chake cha uso na shingo ni mistari miwili kwenye vidole viwili, zaidi ya ml 1 kila unapopaka. Ml 5 ni mara nne, basi. Ila mara nne zinatosha kujibu swali moja muhimu kwa ngozi zetu nyeusi: inaacha ujivu? Ya wifi iliacha, alitoka dukani mchana akajiangalia kwenye kioo cha bajaji akaona kafanana na aliyepakwa majivu. Kwa hiyo sampo ya 4,000 ilimuokoa asitupe 40,000. Hiyo nayo naiweka upande wa faida bila kinyongo.

Lakini chochote kinachoahidi kubadilisha ngozi, kutoa madoa, kumaliza chunusi, kung'arisha, hakiwezi kujibu kwa wiki moja. Ngozi ya juu inachukua kama siku 28 kujibadilisha, na ukishakuwa mtu mzima inaweza kuzidi hapo. Doa la chunusi linafifia kwa miezi. Krimu gramu 5 ukipaka usiku tu, kiasi cha punje ya njegere, inakupeleka wiki mbili hivi. Kwahiyo kitu cha wiki mbili kikikuonyesha mabadiliko makubwa ya rangi ndani ya siku chache, hapo ndo pa kuogopa badala ya kushangilia.

Na kikopo cha wifi kilionyesha. Nikieleze kilivyo maana wengi mtakuwa mmekiona: plastiki nyeupe, kifuniko cha kuzungusha, stika ya duara ya pinki yenye maneno mawili tu, Krimu ya Usiku, na ua dogo limechorwa pembeni. Hamna viambato, hamna tarehe, hamna bechi, hamna nchi. Krimu yenyewe ya njano iliyopauka, nzito, harufu ya waridi kali sana alafu chini yake kuna harufu ya dawa ambayo ukiifunika vidole vinaendelea kunuka. Ndani ya siku nne chunusi zilikauka, uso ukawa laini na umeng'aa, wateja dukani wanamuuliza anatumia nini. Alifurahi na alikuwa na haki ya kufurahi.

Wiki ya pili kopo likaisha. Siku chache baadaye uso ukaanza kuwasha, ukawa mwekundu mashavuni, vipele vidogo vidogo vikatoka hata sehemu ambazo hajawahi kuwa na chunusi. Akasubiri boksi la mwezi wa pili, likaja na kikopo kingine kile kile, akapaka, uso ukatulia. Likaisha, vipele vikarudi na safari hii vibaya zaidi. Na papo hapo ujumbe ukaingia: "Mpenzi krimu yetu sasa inapatikana kopo kubwa 60,000 tu, wahi." Ona ilivyokaa. Yeye kwa akili yake kabisa akasema krimu ndo inanitibu, nikiacha naumwa, kwahiyo nahitaji zaidi. Ushahidi wote alioushika mkononi ulikuwa unamwambia anunue, kumbe ukiusoma upande wa pili unamwambia akimbie.

Nilimkuta kwenye kipaimara cha mtoto wa shangazi huko Kibosho, kajifunga mtandio mpaka mashavuni na jua lile, hela ya krimu ameshaitenga kwenye simu anasubiri tu jioni. Nilimwambia, "Wifi yangu, hiyo hela isitoke kwanza, twende hospitali kesho." Hakupenda. Akaniambia mbona kila mtu kwenye grupu la WhatsApp la wateja wa boksi anasifia. Mama mkwe ndo aliyemaliza ubishi, alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga akamwambia, "Mwanangu, hii si chunusi, wewe umeungua."

Moshi tuna bahati ambayo hatuitumii. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, RDTC, kipo tangu 1992, wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea hapo, na hapo hapo KCMC ndo ilianza kutengenezwa Kilisun, ile sanskrini ya watu wenye ualbino. Watu wanatoka mbali kuja kutibiwa ngozi hapa alafu sisi wa Pasua tunauliza grupu la WhatsApp. Wifi alienda na kikopo chake mkononi, na hilo nalisisitiza, nenda na kopo lenyewe hata kama limebaki tupu. Daktari alimwambia kwa kuangalia tu huwezi kujua kilichomo, lakini huo mtindo wa kutulia haraka alafu kulipuka ukiacha unafanana sana na krimu yenye steroidi.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Steroidi ni dawa halali, hospitali wanaiandika kwa pumu ya ngozi na mengine, kwa kipimo na muda maalumu. Inazima uvimbe na wekundu haraka sana, ndo maana chunusi zinaonekana zimepona, na rangi inapungua. Ukiendelea kuipaka usoni bila usimamizi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinaongezeka, wengine wanaota nywele usoni, na ukiacha ghafla ngozi inalipuka. Mkorogo mwingine unakuwa na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu mashavuni ambao kuutoa ni kazi ngumu mno, au zebaki ambayo inaingia mwilini mpaka kwenye figo. Vyote vitatu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Usimamizi wa vipodozi tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya hapo ulikuwa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwahiyo krimu isiyo na hata jina la kiwanda huwezi hata kuuliza kama imesajiliwa, unaulizia nini?

Tukamuandikia muuzaji kwa upole kabisa. Kwanza wifi alieleza hali yake, akajibiwa, "Mpenzi hiyo ni ngozi inatoa uchafu, usiache, endelea kupaka utaniambia." Hilo jibu linaniuma mpaka leo, maana dada wa watu anaeleza anaungua na anaambiwa aongeze moto. Akaomba orodha ya viambato, akaambiwa ni siri ya biashara. Akaomba basi picha ya kopo halisi kabla ya kumiminwa, hapo akaondolewa kwenye grupu. Hela ya mwezi wa tatu ilikuwa imeshalipwa, haikurudi, na boksi halikuja.

Sasa mtu ataniuliza, kwahiyo maboksi yote tuyaache? Hapana. Kwa kisa hiki hiki, boksi lilimpa sabuni inayomfaa, likamuepusha na sanskrini ya 40,000, likampa lipshaini anayoipenda. Mtu akija na boksi la vitu vilivyofungwa kiwandani, vyenye lebo, vingi viwe vya rangi, harufu na vya kuoshea, hata kama ni vitatu badala ya vitano, mi ningelipia. Na kama anataka kuweka krimu ya madoa basi aweke hiyo hiyo miezi mitatu mfululizo, na aandike jina lake, ili mtu apate muda wa kuiona. Vipodozi vipya vitano kwa mpigo navyo ni shida, ukipaka vyote wiki moja na uso ukawasha utamshika nani? Paka kimoja kwanza nyuma ya sikio au chini ya taya, subiri siku mbili mpaka tatu kwasababu mzio wa ngozi mara nyingi hautokei papo hapo, kikikaa kimya ndo upeleke usoni, cha pili kisubiri zamu yake. Najua ni uvumilivu mkubwa ukiwa na boksi jipya mezani, ila ndo maana halisi ya kujaribu.

Na ombi kwa wale mliobaki kwenye grupu, maana najua wapo wa Majengo, Soweto, na Arusha wa Sakina na Njiro, wengine hamjaanza kuona shida kwasababu mlishanunua kopo kubwa na hamjawahi kuliacha. Kama mna hicho kikopo chenye stika ya pinki, msikitupe na msikigawie mtu. Kama umeshapaka kwa muda mrefu usiamue peke yako kuacha ghafla, nenda kliniki ya ngozi nacho, wakupangie namna ya kuacha. TBS kanda ya kaskazini wana ofisi Arusha, malalamiko wanapokea.

Wifi yeye alipewa dawa ya kutuliza, akaambiwa vingine vyote aweke pembeni abaki na ile sabuni na mafuta mepesi yasiyo na harufu. Kulikuwa na wiki mbaya katikati, aliomba ruhusa dukani akakaa ndani, na akatamani kopo, aliniambia wazi. Wekundu ulipungua polepole. Saa hizi uso umetulia, chunusi za kidevuni zipo zile zile za kila mwezi na madoa yanafifia taratibu. Ile 30,000 bado anaitenga kila mwisho wa mwezi, ananunua kitu kimoja kizima chenye lebo. Mwezi huu aliongeza kidogo akanunua sanskrini nyingine, ila kabla ya kulipa alimwomba mwenye duka ya kuonjesha, akapaka shingoni, akatoka nayo nje juani na kioo cha poda, akakaa dakika kumi akiangalia kama inaacha ujivu, ndo akarudi ndani kutoa hela.